Maua ya kroshia yanakataa kuungana vizuri? Angalia raundi ya mwisho

Dada mmoja ameandika swali refu kidogo, nalifupisha. Amefuma maua 34 ya kroshia kwa uzi mwembamba wa pamba, anataka yawe kitambaa cha meza. Anasema kila ua peke yake ni zuri kabisa, ila akianza kuyashona pamoja kwa sindano ya mkono kitambaa kinavimba vimba hakilali, pale pembe nne zinapokutana panabaki tundu baya limejivuta upande, na nyuma mshono unaonekana. Halafu maua mengine yametoka makubwa kuliko wenzake. Anauliza afumue yote aanze upya au kuna namna ya kuyaokoa, na stachi (ule wanga wa kukazia kitambaa) aweke kabla ya kuunga au baada.

Dada yangu, usifumue yote, tafadhali. Kazi ya maua 34 haitupwi hivyo. Kwa jinsi ulivyoeleza maua yako hayana shida kubwa, shida ni kwamba umefuma ua, umekata uzi, umeweka pembeni, umefuma lingine, umekata, umeweka pembeni, halafu siku yametosha ndo umeanza kujiuliza sasa haya nayaunganishaje. Wengi wanaojifunza wanapita hapo hapo, maana hata maelekezo mengi yanaeleza ua kwa kirefu raundi kwa raundi (yaani mzunguko kwa mzunguko) alafu mwishoni yanasema tu "unganisha vipande", basi, imeisha hiyo. Lakini kwenye lesi (kitambaa chepesi cha matundu matundu kama hicho chako) kiungo ni sehemu ya ua lenyewe. Raundi ya mwisho ndo kiungo, na idadi ya matao yaliyoko kwenye hiyo raundi (nikisema tao namaanisha ule mkunjo wa cheni unaoning'inia pembeni, na cheni ni vile vitanzi vinavyofuatana kama mnyororo) ndo inaamua ua litashikana na majirani wanne au sita, litaacha nafasi gani katikati, na kitambaa kitalala au kitavimba. Kwahiyo mtu anatakiwa ajue ataunga vipi kabla hajafuma ua la pili. Na kwako wewe habari nzuri ni kwamba raundi ya mwisho ndo rahisi kuliko zote kufumua.

Kwanza tuelewane majina, maana hapa watu wanapotea sana. Nikisema singo, unaingiza sindano (ya kroshia, ile yenye kindoano), unavuta uzi, unapata vitanzi viwili, unavuta uzi kupitia vyote viwili. Dabo ni ile ya kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla hujaingiza. Trebo unazungusha mara mbili. Slipu ni ya kufungia au kusogea tu, haina urefu wa maana. Haya ni majina wanayotumia Marekani. Uingereza singo hiyo hiyo wanaiita dabo, na dabo wanaiita trebo, sasa ukichukua maelekezo ya Uingereza ukayasoma kwa majina ya Marekani kila stichi inakuwa ndefu kuliko ilivyotakiwa na idadi haitoshi kuizunguka, ua linainuka kama bakuli na unabaki unajilaumu mkono wako bure. Njia ya haraka ya kujua ni kutafuta neno singo kwenye maelekezo, likiwepo ujue ni ya Marekani, maana Waingereza hawana singo kwenye majina yao. Mimi napendekeza ujifunze kusoma mchoro wa alama kabisa, hauna ugomvi wa majina: kiduara kirefu kidogo ni cheni, nukta nyeusi ni slipu, msalaba mdogo ni singo, herufi T yenye mstari mmoja wa kukata ni dabo, mistari miwili ni trebo, yaani mistari unayoiona ndo idadi ya kuzungusha uzi. Na uzuri mwingine wa mchoro ni kwamba viungo unaviona kwa macho, unaona tao hili limegusa lile.

Sasa nikupe ua la mfano tulitumie kuelewana, hata kama la kwako ni tofauti. Uzi wa pamba namba 10, sindano ya chuma ya milimita 1.5 (namba ya uzi ikipanda uzi unakuwa mwembamba, kwahiyo 20 ni mwembamba kuliko 10, na ukienda 40 unashuka mpaka sindano ya milimita 1 hivi). Cheni 8, funga duara kwa slipu. Raundi ya kwanza: cheni 3 zinazohesabika kama dabo ya kwanza, dabo 23 ndani ya duara, jumla 24, funga kwa slipu juu ya cheni ya tatu. Raundi ya pili: cheni 5, hizo ni dabo moja pamoja na cheni 2, ruka stichi moja, dabo kwenye inayofuata, cheni 2, ruka moja, dabo, twende hivyo mpaka upate dabo 12 na nafasi 12, funga kwenye cheni ya tatu. Raundi ya tatu: sogea kwa slipu mpaka kwenye nafasi ya kwanza, hapo weka kishada cha dabo tatu, yaani kila dabo unaiacha haijamalizia mvuto wake wa mwisho, ukifika ya tatu unavuta uzi kupitia vitanzi vyote kwa pamoja, kisha cheni 3, kishada kwenye nafasi inayofuata, cheni 3, mpaka vishada 12 (kile cha kwanza kabisa cheni 3 zinasimama badala ya dabo moja). Raundi ya nne: singo kwenye nafasi ya cheni 3, cheni 7, singo kwenye nafasi inayofuata, cheni 7, mpaka matao 12. Basi. Ni dogo, kwa wengi linatoka kama sentimita 5 hivi, na linafumika haraka.

Angalia kwanza kwanini linalala. Duara la dabo tupu linataka stichi 12 kuongezeka kila raundi, 12 kisha 24 kisha 36, na la singo linataka 6. Ukipunguza linakuwa bakuli, ukizidisha linakuwa na mawimbi. Kwenye lesi cheni nazo zinahesabika, kwahiyo raundi ya pili hapo juu ukiangalia ni dabo 12 na cheni 24, jumla 36, haziko mbali na zile zinazotakiwa. Ua lako likiwa na mawimbi kabla hata ya kuunga, punguza cheni moja kwenye kila nafasi ya raundi inayoleta shida, usivumilie ukidhani maji na pini vitamaliza. Mawimbi madogo yanaisha, makubwa hayaishi.

Sasa tuje kwenye hiyo 12, maana hapa ndo kila kitu kilipo. Maua ukiyapanga mistari iliyonyooka kila ua linakuwa na majirani wanne. Chukua matao 12, mawili yanashikana na jirani wa kulia, moja linabaki huru, mawili yanashikana na jirani wa chini, moja huru, hivyo hivyo pande zote nne: nne mara tatu ni 12, imetimia haijabaki hata tao moja. Ukiyapanga kwa kupishana kama sega la nyuki kila ua linapata majirani sita, na 12 bado inakubali, matao mawili kwa kila jirani na hakuna nafasi inayobaki, au tao moja linashika na moja huru. Ndomana nasema 12 na 24 ni namba za amani, zinagawanyika kwa 4 na kwa 6. 16 inakubali mpangilio wa wanne tu (mawili yanashika, mawili huru). 18 inakubali sita tu. Ua la matao 10 au 14 ni zuri peke yake kama kitambaa cha kuweka chini ya glasi lakini kwenye kuunga litakusumbua, upande mmoja utashika mawili upande mwingine moja na nusu haipo, unaishia kulivuta, na ua likishavutwa upande mmoja linavuta na jirani yake na jirani wa jirani yake.

Kwahiyo hatua ya kwanza kwako dada, kabla ya kugusa kitu chochote, hesabu matao ya ua lako. Hujasema ni mangapi. Kama ni 12, 16 au 24 uko salama. Kama ni 10 au 14 au namba isiyogawanyika, hiyo raundi ya mwisho ukiifumua unaweza kuifuma upya ukiwa na matao 12 kwa kuruka au kurudia nafasi sehemu mbili, moja upande huu na nyingine mkabala wake. Haitaonekana sana, matao ya cheni yanasamehe.

Kwanini ulichofanya kimevimba? Uzi wa kushonea haunyumbuki kama ukingo wa kroshia. Kila ukivuta mshono kidogo uwe mkaza ukingo unafupika, katikati ya ua panabaki na ukubwa wake, sasa hicho kilichozidi kinaenda wapi, kinapanda juu. Ua moja halionyeshi, maua 34 yanaonyesha sana. Kushona kwa sindano ya mkono kunafaa kwenye vipande vilivyojaa, yale mablanketi ya miraba mizito, au sweta. Kwenye lesi mimi sikushauri hata kidogo, mshono unakuwa mstari mnene katikati ya kitu ambacho uzuri wake wote ni matundu.

Kinachotakiwa ni kuunga huku unafuma. Ua la kwanza unalimaliza kabisa mpaka matao yote 12. Ua la pili unalifuma mpaka raundi ya tatu, raundi ya nne unaanza nayo kawaida, ukifika kwenye tao linalotakiwa kushika unafuma nusu ya tao, unamgusa jirani, unamalizia nusu nyingine. Kwa tao la cheni 7: cheni 3, slipu kwenye cheni ya nne ya tao la jirani, cheni 3, singo kwenye nafasi yako inayofuata. Unaona ile slipu imekaa mahali pa cheni ya katikati, kwahiyo tao lina urefu ule ule. Hili la urefu usilipuuze, watu wanafuma cheni 7 zote kisha wanaongeza na kiungo juu, kiungo kinalegea na kitambaa kinaning'inia.

Kuna njia nzuri zaidi kidogo, mimi ndo naipenda kwenye uzi mwembamba. Fuma cheni 4, toa sindano kwenye kitanzi (kishike kwa kidole kisifumuke), ingiza sindano kwenye tao la jirani kutokea mbele kwenda nyuma, kamata kile kitanzi ulichokiacha, kivute kipite, endelea na cheni 3. Hakuna kifundo hapo, tao moja limepita ndani ya lingine na kiungo kinalala bapa. Slipu ni ya haraka ila inaacha kinundu kidogo, kwenye uzi mnene sio tatizo, kwenye namba 40 kinaonekana. Singo kama kiungo inaacha ukuta kabisa, itumie ukitaka mstari uonekane makusudi.

Na unapogusa jirani, ingiza sindano kwenye cheni yenyewe ya katikati, upite chini ya nyuzi zake mbili, usipite tu kwenye uwazi chini ya tao. Ukipita kwenye uwazi kiungo kinateleza, leo kiko katikati kesho kimehamia pembeni, na kitambaa kikifuliwa ndo kinahama zaidi. Kupita kwenye uwazi ni rahisi na ndivyo maelekezo mengi yanavyosema, lakini kwa kitambaa cha meza ambacho kitafuliwa miaka na miaka mimi nakuomba uchukue ule usumbufu. Kuhesabu cheni mpaka ya nne sio kazi kubwa, na kwa tao la cheni 7 jicho linazoea haraka.

Yote yakae uso juu, upande mzuri unakuangalia wewe. Ukishika maua mawili kwa ajili ya kuunga migongo ndo inaangaliana, la jirani likiwa nyuma.

Mstari wa kwanza kila ua linashika la kushoto kwake tu, matao mawili. Mstari wa pili ua la kwanza linashika la juu yake tu. Ua la pili la mstari huo linashika pande mbili: matao mawili na jirani wa juu, moja huru, mawili na jirani wa kushoto, halafu saba zilizobaki unamalizia kawaida. 2 na 1 na 2 na 7, ni 12. Huo ndo wimbo wa kitambaa chote, ukishaushika hufikirii tena.

Lile tundu baya la pembe nne sasa. Kwa maua yenye pembe, yaani ya miraba, pembe nne zinakutana nukta moja. Ua la pili linashika pembe ya la kwanza, hiyo sawa. La tatu linapofika watu wanalishika kwenye pembe ya la pili, la nne wanalishika kwenye la tatu, sasa mnyororo umezunguka na katikati panabaki tundu, tena linajivuta upande wa yule aliyefungwa mwisho. Dawa yake ni kwamba la tatu na la nne yote yashike pale pale kwenye kiungo cha kwanza, ile stichi iliyounganisha la kwanza na la pili, usiende kwenye pembe ya mtu mwingine yeyote. Wote wanne wanashika nukta moja, pananyooka kama msalaba. Ni kitu kidogo mno lakini ndicho kinachotofautisha kitambaa kilichotulia na kile kinachoonekana kimeunganishwa kwa haraka.

Kwa maua ya duara kama la mfano wetu hakuna nukta, kuna nafasi yenye pande nne zilizobonyea ndani, na kila ua linatoa tao lake moja huru kuelekea hapo katikati. Unaweza kuiacha wazi, inapendeza kwenye pazia au kitu kikubwa. Kwenye kitambaa cha meza mimi ningejazia, maana nafasi wazi ikiwa kubwa kitambaa kinakosa nguvu na glasi ikiwekwa inaburuza. Kiua cha kujazia: cheni 6, funga duara, singo 2 ndani ya duara, cheni 3, slipu kwenye katikati ya tao huru la ua la kwanza, cheni 3, rudi kwenye duara singo 2, cheni 3, shika ua la pili, hivyo mpaka wanne, funga kwa slipu, maliza. Ukiona kinavuta ongeza cheni moja kila mkono, kikilegea punguza. Kifume kimoja kwanza, kitazame kitambaa kikiwa kimelazwa mezani, sio mkononi, maana mkononi kila kitu kinaonekana kimelegea.

Kazi yako yenyewe sasa. Una 34, ongeza moja upate 35, hiyo ni 5 kwa 7. Pande za kuunga zitakuwa 28 za kwenda kulia na 30 za kushuka chini, jumla 58, na nafasi za kujazia 24 kama maua ni ya duara. Nakupa hizi hesabu upange muda na uzi. Kwa uzi pima maua 10 kwa pamoja kwenye mizani ya jikoni, usipime moja maana mizani nyingi hazisomi vizuri gramu chache, gawanya kwa 10, hapo unajua ua moja linakula kiasi gani na unakadiria yaliyobaki, ongeza kama moja ya tano kwa ajili ya viua vya kujazia na pindo. Na uzi wa kuongeza uwe wa kundi moja la rangi na ule wa mwanzo, hiyo namba ya kundi inaandikwa kwenye karatasi ya uzi, hata weupe na weupe unatofautiana ukiviweka pamoja mchana.

Fumua raundi ya mwisho tu ya kila ua, moja baada ya jingine unapolifikia, usifumue yote kwa mpigo ukabaki na lundo lenye nyuzi zinazoning'inia. Mkia ulioficha utakusumbua kuupata, tafuta kwa ncha ya sindano butu na uvute polepole, usikate kwa kubahatisha. Uzi unaotoka kwenye raundi hiyo unatosha kuifuma tena maana cheni ni zile zile, utakuwa na mikunjo lakini ikilowekwa inanyooka. Ua moja tu, la kwanza la pembeni, unaliacha zima.

Na kama mikia imekatwa mifupi mno au raundi ya mwisho huwezi kuigusa, ipo njia nyingine: uzi mpya, unapita katikati ya maua mawili yaliyokamilika kwa zigizaga, singo kwenye tao la ua la kushoto, cheni 3, singo kwenye tao la ua la kulia, cheni 3, rudi kushoto. Inatengeneza kamkanda ka lesi kati ya maua na inakubali tofauti ndogo za ukubwa, unaongeza au kupunguza cheni pale panapohitaji. Inakula muda, ila ni nzuri, na kitambaa kinaongezeka upana kidogo.

Kuhusu yale makubwa. Tofauti ya ukubwa mara nyingi inatoka kwenye kile kitanzi cha kwanza unachovuta unapoanza dabo, siku umetulia unakivuta juu, siku una mawazo unakivuta kifupi, na dabo nzima inafuata urefu wake. Laza maua yote, yagawe mafungu matatu kwa macho. Tofauti ya milimita mbili tatu inaisha kwa maji na pini, nitaeleza. Yaliyozidi nusu sentimita yafumie raundi ya mwisho kwa sindano ndogo zaidi, kama ulitumia 1.5 tumia 1.25, linajikusanya vizuri. Yakibaki bado makubwa yapeleke ukingoni mwa kitambaa, wala usiyaweke katikati, ua kubwa lililozungukwa pande zote na wadogo halina pa kwenda litapanda juu, lakini la ukingoni lina upande huru wa kupumulia.

Na yale yasiyokubali kabisa kuendana na wenzake, hata ya maumbo tofauti, kuna ufundi wa zamani wa Ireland. Katikati ya miaka ya 1800, kipindi cha njaa kubwa kule, familia nyingi zilijikimu kwa lesi ya kroshia, kila mfumaji anafuma waridi lake au jani lake, halafu vipande vinashikizwa kifudifudi juu ya kitambaa chenye mchoro na mtu anajaza nafasi zote kwa wavu wa cheni wenye vinundu vidogo vidogo, akimaliza kitambaa cha chini kinatolewa. Hakuna kipande kinacholazimika kulingana na kingine, wavu ndo unafidia. Ukibakiwa na maua yenye ukubwa tofauti kabisa usiyatupe, ni ya kola au begi kwa njia hiyo.

Mikia ni sehemu ambayo watu wengi wanaiharibia kazi mwishoni. Maua 35 yana mikia 70, na viua 24 vinaongeza 48. Usifunge fundo, fundo linatokeza na likifunguka linafunguka kabisa. Acha mkia wa sentimita 15, ingiza kwa sindano butu ndani ya sehemu nene, kwenye dabo au vishada, nenda upande mmoja, geuka, rudi kwa njia nyingine, geuka tena. Pita hata ndani ya uzi wenyewe ukiweza. Kwenye cheni tupu mkia haufichiki. Na uufiche kila ukimaliza ua, wallahi usiache mikia yote ya mwisho, utaichukia kazi yako.

Kunyoosha: maji ya uvuguvugu, loweka mpaka uzi ulowe kabisa, kamua kwa kufunga ndani ya taulo bila kusokota, laza juu ya godoro jembamba la sponji au kadibodi nene iliyofunikwa plastiki, uchore mistari ya vipimo chini ya plastiki. Pini zisiwe za kutu. Anza na pini nne, juu, chini, kulia, kushoto, halafu jaza kati kati, kila tao pini yake. Kwa maua yako fanya hivi kabla ya kuunga, yakiwa bado hayajafumuliwa raundi ya mwisho, yote kwa kipimo kimoja kilichochorwa, halafu kitambaa kizima tena mwishoni. Yakauke kabisa kabla ya kutoa pini, pamba ikitolewa ina unyevu inarudi ilikotoka. Haya ni ya pamba, uzi wa akriliki usiupige pasi, unalegea na haurudi tena.

Kama kuna rangi kali, nyekundu hasa, ikichanganyika na nyeupe, ijaribu kabla: lowesha kipande cha uzi, kibonyeze kwenye kitambaa cheupe, ikiacha alama ifue peke yake mpaka iache kutoa rangi ndo uiunge. Baada ya kuunga umechelewa.

Pindo linakuja baada ya viua vya kujazia. Zunguka kitambaa chote, singo kwenye kila tao huru la nje na cheni 7 kati yake, ukifika kwenye bonde kati ya maua mawili pale walipoungana weka cheni chache, 3 au 4, ili ukingo usikae na masikio. Pembe za kitambaa ongeza tao moja, zisijikunje. Raundi moja inatosha, mbili kama unataka uzito, kitambaa cha meza kikiwa na uzito kidogo ukingoni kinalala vizuri.

Stachi ni baada, dada, baada ya kuunga, baada ya pindo, baada ya kuficha mikia yote. Ua lenye stachi tao lake limekauka, sindano haiingii kwenye cheni ya katikati bila kuivunja vunja, na ukilifumua uzi unatoka mgumu una mikunjo. Tena kwa kitambaa cha meza usikaushe sana, stachi nyepesi tu, wakati wa ule unyooshaji wa mwisho kikiwa bado kibichi, unakichovya, unakamua kwa taulo, unakipiga pini na kukiacha. Stachi nzito ni ya vitu vinavyosimama, vikapu, vikengele vya kuning'iniza. Na itoke kwenye maji ukifua, iwekwe upya kila mara, usikihifadhi kitambaa kikiwa na stachi kwa miezi mingi kimekunjwa, pale kwenye mkunjo uzi unakatika na wadudu wanapenda stachi. Kihifadhi kimefuliwa, kimekauka, kimeviringishwa kwenye bomba la karatasi badala ya kukunjwa.